Barua ya wazi kwa Baraza la Chuo: fungueni stoo kabla ya kuchapisha kitabu cha jubilei

Kwa:
Baba Askofu, Mkuu wa Chuo;
Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Chuo;
Makamu Mkuu wa Chuo.

Yah: HISTORIA YA CHUO NA HALI YA NYARAKA ZAKE

Bwana Yesu asifiwe.

Tunaoandika ni wahitimu, wakutubi na watunza kumbukumbu tuliopita katika masijala ya chuo hiki kwa nyakati mbalimbali. Tulianza kwa njia za kawaida: barua kwa Msajili, kisha kwa Kamati ya Jubilei, kisha kwa ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo. Zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na hakuna iliyojibiwa. Jina la chuo hatulitaji hapa, maana hatukusudii kukivunjia heshima, na mengi tutakayoyasema yanavihusu vyuo vya makanisa kadhaa, hiki kikiwemo. Wenyewe mtajitambua.

Jambo lenyewe ni hili. Kitabu cha historia ya chuo kimekaribia kwenda kwa mpiga chapa, ilhali nyaraka ambazo historia hiyo ilipaswa kuchotwa humo zimerundikwa kwenye stoo ya nyuma ya karakana, chini ya bati linalovuja. Waandishi hawakuingia humo. Rasimu tuliyoiona imeokotezwa kutoka hotuba za mahafali, vipeperushi vya udahili, na kijitabu cha jubilei iliyotangulia, ambacho nacho kilinakili hotuba za mahafali. Kwa hiyo hotuba inaithibitisha hotuba. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mwaka wa kuanzishwa

Rasimu inatoa mwaka mmoja, tena bila kuonyesha waraka wowote unaoutaja. Chuo kikuu cha kanisa katika nchi zetu hakikuzaliwa siku moja, na mwenye kuandika historia yake anajua kwamba swali la kwanza ni: mnahesabu kutoka wapi?

Tazameni wenzenu. Makumira ilianza mwaka 1947 kama chuo cha theolojia huko Lwandai, milima ya Usambara, ikahamia Makumira karibu na Usa River mwaka 1954, na ikaja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini katika miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kinahesabu 1998 kuwa mwaka wake wa kuwa chuo kikuu, lakini pale Nyegezi palikuwa na taasisi ya mafunzo ya jamii tangu 1960, iliyoanzishwa enzi ya Askofu Joseph Blomjous wa Shirika la White Fathers. Chuo Kikuu cha St. Paul's cha Limuru kinarudi nyuma hadi 1903, kwenye shule ya uchungaji ya Frere Town, Mombasa, kijiji ambacho CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, walikijenga mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Shule hiyo ilihamia Limuru mwaka 1930, na hati ya chuo kikuu ikapatikana 2007. Mukono, Uganda, ni hivyohivyo: chuo cha theolojia cha Bishop Tucker ni cha 1913, chuo kikuu ni cha 1997. Kila mwaka katika hiyo ni wa kweli. Kosa ni kuuchukua mmoja na kuuficha mwingine.

Kwa upande wa Tanzania kuna sababu ya kisheria inayofanya miaka iwe mingi hivi. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule nyingi za misheni chini ya Serikali. Seminari na vyuo vya theolojia vilibaki mikononi mwa makanisa, ndiyo maana vyuo vikuu vingi vya makanisa vimeota kwenye mizizi ya theolojia, ualimu au hospitali. Mlango wa vyuo vikuu binafsi ulifunguliwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 1995 yaliyounda Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Kisha ikaja Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya 2005 na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na utaratibu wa Hati Idhini (hati ya kuwa chuo kikuu kamili) tunaoufahamu leo. Wakati mwingine hata ardhi ina historia ya kwenda na kurudi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, kilichoanza 2007, kiko pale ilipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, ambayo kabla ya kutaifishwa iliitwa Alliance na ilikuwa ya misheni.

Kwa hiyo chuo kama chetu kina angalau miaka minne ya kutajwa: mwaka taasisi ya awali ilipofungua milango, mwaka ilipokubaliwa kutoa shahada (yenyewe au kama chuo kishiriki, yaani chini ya chuo kikuu kingine), mwaka wa mahafali ya kwanza ya shahada, na mwaka wa Hati Idhini. Tunataka yote minne iandikwe, na mbele ya kila mmoja itajwe namba ya jalada lenye ushahidi wake. Kuchagua mwaka kwa sababu unatoa jubilei ya namba nzuri wakati Askofu fulani bado yuko madarakani, hilo tumewahi kulisikia likisemwa kwa utani kwenye vikao. Si utani mzuri.

2. Nyaraka za 1990 hadi 2005 ndizo zinazokufa kwanza

Hapa ndipo penye moto, nasi tunaomba msome taratibu.

Watu wengi hudhani karatasi kuukuu ndiyo iliyo hatarini zaidi. Kwenye stoo yetu mambo ni kinyume. Barua za miaka ya 1960, zilizopigwa kwa taipureta kwenye karatasi nyepesi za ndege pamoja na nakala zake za kaboni, bado zinasomeka vizuri, kwa sababu rangi ya kaboni haififii. Mihtasari ya saiklostaili, ile mashine ya zamani ya kurudufu, imegeuka rangi ya chai na inakatika ukiikunja, ila wino wake upo palepale. Balaa liko kwenye kipindi chenyewe ambacho chuo kilikuwa kinageuka kuwa chuo kikuu.

Mazungumzo ya kipindi hicho na wafadhili wa ng'ambo yalifanywa kwa faksi. Mashine nyingi za faksi zilitumia karatasi ya joto, ambayo haina wino: ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Karatasi hiyo ikikaa chini ya bati huwa nyeusi yote, na ikikaa mahali penye mwanga hufifia mpaka inabaki nyeupe. Tumeona majalada ambamo barua ya kuomba ipo, jibu lililotumwa lipo, na kati yao kuna karatasi laini inayong'aa isiyo na herufi hata moja. Zile ambazo bado zinasomeka zinapaswa kutolewa nakala kwenye karatasi ya kawaida wiki hii. Zisiachwe kusubiri mradi. Tena zisitiwe kwenye mifuko ya plastiki laini, maana viyeyusho vya plastiki hiyo hufuta maandishi.

Baada ya faksi zikaja disketi za inchi 3.5, kila moja ya megabaiti 1.44, zenye rasimu za katiba ya chuo, mitaala ya kwanza na makadirio ya bajeti, mara nyingi katika programu ambazo kompyuta za leo hazizifungui moja kwa moja. Zipo kwenye maboksi ya viatu. Anayetaka kuziokoa asizifungue ovyo. Kwanza asukume kile kidude cha pembeni mpaka tundu lionekane wazi, ili kompyuta isiweze kuandika juu yake. Pili atumie kiendeshi cha disketi cha nje kinachochomekwa kwenye kompyuta. Tatu atengeneze nakala ya disketi nzima kama ilivyo, na ndipo ahangaike na mafaili kwenye ile nakala. Disketi yenye ukungu ikiingizwa bila kusafishwa huchafua kichwa cha kiendeshi, na kiendeshi hicho kitaharibu disketi zote zinazofuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mawasiliano yakahamia kwenye baruapepe za binafsi za wakuu wa idara, kwa kuwa chuo hakikuwa na anwani zake. Baadhi yao wamestaafu, wengine wametangulia mbele za haki pamoja na nywila zao. Walio hai waombwe sasa watoe nakala za barua zilizohusu chuo.

Picha nazo zina maradhi yao. Zile albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu, zilizopendwa sana, huzing'ang'ania picha kwa nyuma na kuzipaka njano. Msizivute kwa nguvu. Pitisheni uzi wa kusafishia meno polepole kati ya picha na ukurasa, na ikikataa, pigeni picha ya ukurasa mzima na kuuacha ulivyo. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino.

Na tafadhali, acheni kulaminisha. Tumesikia kuna pendekezo la kulaminisha hati za zamani zitundikwe kwenye korido siku ya sherehe. Laminesheni ya joto haiwezi kutolewa bila kuiua karatasi. Tundikeni nakala, hati yenyewe ibaki kwenye boksi.

3. Rejista za wanafunzi na matokeo

Hili linamgusa mhitimu moja kwa moja. Chuo kilipokuwa kishiriki, shahada ilitolewa kwa jina la chuo mama. Leo mwajiri au chuo cha nje kinapouliza kama cheti ni halali, jibu linategemea kumbukumbu zilizogawanyika sehemu mbili. Si tatizo la kwetu tu. Aliyehitimu Iringa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ana cheti chenye jina la Chuo Kikuu cha Tumaini, ilhali chuo alichosoma sasa kinaitwa Chuo Kikuu cha Iringa. Waliosoma vyuo vya Mwenge au Ruaha wakati vikiwa chini ya Mtakatifu Augustino wako katika hali hiyohiyo. Cheti ni sahihi kabisa, ila anayekithibitisha lazima ajue historia.

Kwa hiyo nyaraka zifuatazo ni za kudumu milele na haziguswi na mashine ya kuchana: rejista ya udahili, mihtasari ya Seneti iliyopitisha matokeo pamoja na viambatisho vyake, orodha ya wahitimu ya kila mahafali, mihtasari ya Baraza, makubaliano na dayosisi na chuo mama, hati za ardhi na michoro ya majengo. Karatasi za mahudhurio, nakala za nukuu za bei na stakabadhi za zamani zina muda wake wa kutunzwa na baada ya hapo zinaweza kuteketezwa kwa kibali. Hivi sasa stoo imefanya kinyume: stakabadhi zimefungwa vizuri kwa kamba juu ya rafu, viambatisho vya Seneti viko sakafuni.

4. Waliokosekana kwenye rasimu

Rasimu ina sura nzima kuhusu wamisionari na aya moja kuhusu kila mtu mwingine. Wamisionari wanastahili heshima yao. Lakini kanisa la mahali lilitoa ardhi, sharika zilitoa mahindi na maharage ya kulisha wanafunzi, wazee walisimamia ufyatuaji wa matofali, na kina mama wa jikoni waliendesha bweni kabla ya kuwepo mlezi wa wanafunzi. Ushahidi wake upo katika daftari za matoleo za sharika na mihtasari ya mabaraza ya wazee. Hakuna aliyetumwa kuzitafuta.

Kuna ugumu mwingine: sehemu ya historia yetu iko mbali. Kumbukumbu za CMS ziko Birmingham, za White Fathers ziko Roma, na mashirika ya misheni ya Kijerumani yana hifadhi zao Ujerumani. Huko kuna ripoti za wageni kuhusu sisi. Tukiziacha za kwetu zioze, atakayeandika baada ya miaka 50 atakuwa na upande mmoja tu wa barua, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Wazee walio hai warekodiwe mwaka huu. Simu ya kawaida inatosha kama haiwekwi mezani chini ya feni. Kipaza sauti cha kubana kwenye shati kiwe sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, sauti ihifadhiwe kwa faili la WAV, lisilobanwa, na mzee asaini au aseme kwenye rekodi kwamba anaridhia na kwa masharti gani. Muulizeni kitu alichokiona mwenyewe: nani alipika, maji yalitoka wapi, mshahara ulichelewa mwaka gani. Ukimuuliza mzee maono ya waanzilishi atakuhubiria.

5. Namna stoo inavyoshughulikiwa

Tumepata habari kwamba vibarua wataisafisha stoo kabla ya wageni kufika. Tunasihi jambo hilo lisimamishwe. Karatasi zilizolowa zikianikwa juani hujikunja na kupauka. Zinatakiwa kivulini, zikiwa zimetandazwa, feni ikipuliza pembeni bila kuzielekea. Ukungu huanza ndani ya siku mbili hivi tangu karatasi ilowe, kwa hiyo kila mvua ina hesabu yake. Wenye kushika karatasi zenye ukungu wavae glavu na barakoa inayoziba vizuri, maana vumbi lake si la mchezo kwa mwenye pumu. Pini zilizopata kutu zising'olewe kwa kile kitoleo cha meno mawili. Miguu ya pini inyanyuliwe kwa nyuma kwa kisu butu, kisha karatasi ivutwe. Selotepu isitumike kabisa.

Kosa kubwa kuliko yote, ambalo hufanywa kwa nia njema, ni kupanga upya. Jalada lilivyofungwa na karani wa 1985 ni ushahidi: linaonyesha nani alijua nini na lini. Atakayechambua barua zote na kuzipanga kwa tarehe au kwa jina la mfadhili atakuwa ameufuta ushahidi huo bila kuchana hata karatasi moja. Kazi ya kwanza ni orodha tu: namba ya jalada, kichwa chake, mwaka wa kwanza na wa mwisho, unene kwa sentimita, hali yake, na rafu lilipo.

Majibu tunayoyategemea

Mtasema hakuna fedha. Hatua ya kwanza haihitaji mfadhili: chumba kimoja kikavu chenye dari, rafu za chuma ambazo ubao wa chini uko sentimita 15 juu ya sakafu na haugusi ukuta, kipima unyevu kinachouzwa bei ya vitabu viwili, na maboksi. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 65 ukungu haupati nafasi. Ukikaa kati ya 45 na 55 ni vizuri zaidi.

Mtasema tutaskani kila kitu. Hebu tupige hesabu. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, kwa rangi, bila kubanwa, ni megabaiti 26 hivi. Kurasa 50,000 ni terabaiti 1.3, nazo zinahitaji nakala tatu, moja ikiwa mji mwingine, na kila mwaka mtu azikague kwa programu inayoonyesha kama faili limebadilika. Mtu mmoja anayefanya kazi kwa uangalifu kwenye skana ya kioo, pamoja na kutoa pini na kunyoosha kona, akifikisha kurasa 400 kwa siku amejitahidi. Hiyo ni siku 125 za kazi. Inawezekana, lakini haiishi kabla ya sherehe, na kuskani si ruhusa ya kutupa karatasi.

Mtasema sheria inalinda taarifa za watu. Ni kweli, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na tunaiheshimu. Matokeo ya mwanafunzi aliye hai yafungwe. Mihtasari ya Baraza ya mwaka 1972 haina siri ya mwanafunzi yeyote anayetafuta kazi leo. Na sheria hiyo inadai taarifa zitunzwe salama. Bati linalovuja halikidhi.

Mtasema Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 ni ya taasisi za umma. Ndivyo. Na ndiyo sababu tunawaandikia nyinyi badala ya kwenda kwa Idara ya Serikali: chuo binafsi kikizembea hakuna mkaguzi atakayebisha hodi, kwa hiyo wajibu wote umebaki mezani penu.

Tunachoomba

Kwanza, kitabu kisiende kwa mpiga chapa mpaka waandishi wawe wamepitia mihtasari ya Baraza na Seneti, na miaka minne tuliyoitaja iwe na ushahidi. Kama sherehe haiwezi kusogezwa, toeni kijitabu cha picha chenye kurasa chache, na historia ije baadaye.

Pili, usafishaji wa stoo usimamishwe leo, funguo zikabidhiwe kwa Mkutubi, na bati lizibwe kabla ya masika.

Tatu, Baraza liajiri mtunza nyaraka mmoja mwenye taaluma hiyo, anayewajibika kwa Msajili, na lipitishe ratiba ya utunzaji inayosema nini ni cha kudumu na nini kina mwisho.

Nne, chuo kiandikiane na chuo mama makubaliano ya kubadilishana nakala za rejista za miaka ya ushirika.

Tano, Baba Askofu aziandikie sharika zote za dayosisi zitunze na kuorodhesha daftari zinazohusu chuo, bila kuzitaka zizilete. Daftari ya usharika ibaki usharikani.

Tunaomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Wakati huohuo, faksi haziwezi kungoja siku 30. Tuko tayari kuja Jumamosi yoyote mtakayotupangia, na mashine ya kutolea nakala, glavu na barakoa zetu wenyewe, tukisimamiwa na yeyote mtakayemteua. Tunachohitaji ni mlango ufunguliwe na umeme uwepo.

Wenu katika Kristo,

Wahitimu, wakutubi na watunza kumbukumbu wa zamani wa chuo

Nakala: Msajili wa Chuo, Mkutubi Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Jubilei, Rais wa Serikali ya Wanafunzi